UZI: Staltmc, chifu wa Wanuxalk asiyeteuliwa na serikali wala kupigiwa kura (Kanada)

#1 Zamu_ya_Usiku

Wakuu, habari za leo. Uzi huu nimekaa nao kichwani muda mrefu, leo naushusha. Ni mrefu, mwenye haraka aje baadaye.

Naishi Victoria, jimbo la British Columbia, magharibi kabisa mwa Kanada. Kazi yangu ni usafi wa maofisi, usiku. Asubuhi ya tarehe 13 Februari 2023 nilikuwa natoka zamu naelekea kituo cha basi, nikakuta umati nje ya Royal BC Museum, jumba la makumbusho la jimbo. Watu wanapiga zile ngoma bapa za ngozi zinazoshikwa kwa mkono mmoja. Wengi wamejifunga mablanketi meusi na mekundu yaliyoshonewa vifungo vyeupe pembeni, vifungo vingi mpaka mtu akigeuka vinamemeta. Juu ghorofani sehemu ya ukuta imefumuliwa, na kreni imesimama tayari.

Kikatoka kitu kirefu kimefungwa mikanda, kinashushwa polepole kama mgonjwa anashushwa kitandani. Ilikuwa nguzo ya mwerezi iliyochongwa. Mama mmoja jirani yangu analia. Nikamuuliza taratibu kuna nini, akaniambia wanamtoa babu yao.

Nguzo ile ilichongwa karne ya 19 na Louie Snow, mtu wa Wanuxalk, ikasimama mlangoni pa nyumba ya familia katika kijiji cha Talyu. Ndui ilipowapiga, waliobaki wakahamia Bella Coola, na mwaka 1913 nguzo ikachukuliwa bila wenyewe kuridhia, ikaja kukaa Victoria zaidi ya miaka 100. Kitukuu wa Louie, chifu wa jadi anayeitwa Snuxyaltwa, alidai irudishwe mpaka Januari 2022 akaenda mahakamani. Familia inaamini roho ya babu imo ndani ya ule mti, kwa hiyo kwao huyu alikuwa ndugu aliyefungiwa.

Swali lililonitoa usingizi ni hili: huyu mtu ni chifu wa namna gani? Hana askari, hana ofisi ya wilaya, hakuchaguliwa kwa kura, na bado makumbusho ya serikali yamebomoa ukuta kwa dai alilolisimamia yeye. Tangu siku ile nimekuwa nasoma na kuuliza, na nimefika bondeni kwao mara moja. Naweka ninachokijua.

Wanuxalk ni watu wa Bonde la Bella Coola, katikati ya pwani ya British Columbia. Zamani waliitwa Wabella Coola na wageni. Lugha yao ni ya jamii ya Kisalish lakini imekaa peke yake, imezungukwa na lugha za jamii nyingine: Waheiltsuk upande wa bahari, Wadakelh na Watsilhqot'in upande wa bara.

Chifu wa jadi kwao ni staltmc. Hiyo c ya mwisho isomeni kama kh laini sana, karibu na pumzi tu. Wakiwa wengi ni stataltmc: wingi unafanywa kwa kurudia silabi ya mwanzo, jambo lililonifurahisha mtu wa ngeli kama mimi.

Na hapa ndipo penye kiini. Staltmc anabeba jina, na lile jina lina umri kuliko yeye. Mtu anakufa, jina linabaki, linamsubiri mwingine wa ukoo atakayestahili kulivaa. Jina lina hadithi yake, na hadithi inaitwa smayusta. Smayusta inasema hapo mwanzo Alhkw'ntam, Muumba, katika nyumba yake ya juu iitwayo Nusmata, aliwapa mababu wa kwanza majina, nyimbo, ngoma na zana. Ukutani mwa ile nyumba yalitundikwa mavazi ya ndege na wanyama: tai, kunguru, dubu, nyangumi. Kila babu akachagua vazi, akalivaa, akashuka nalo juu ya mlima fulani unaojulikana mpaka leo. Alipofika akavua, akawa mtu. Vazi likapaa likarudi lenyewe.

Ukisikia hadithi hiyo kwa haraka utasema ni ngano. Sikiliza tena: inataja mlima gani, mto gani, babu alijenga wapi, alivua samaki wapi, aliwinda wapi. Ni hati ya ardhi iliyoandikwa kichwani, na mwenye jina ndiye mtunza hati.

---

#2 Naibu_wa_Nyamira

Mkuu Zamu, asante. Ila hapo kwa neno chifu umenichanganya. Kwetu Kenya chifu ni mtu wa serikali. Anaomba kazi, anafanyiwa mahojiano, anapewa sare na kofia, analipwa mshahara, ana naibu wake, na siku ya baraza anasoma maagizo kutoka juu. Baba yangu alikuwa naibu wa chifu hadi alipostaafu. Hakurithi cheo hicho na mimi sikukirithi. Sasa huyu wa kwako ni chifu au ni mzee wa ukoo?

---

#3 Zamu_ya_Usiku

Ndugu Naibu, umegusa penyewe kabisa, maana hata kule kwao neno moja la Kiingereza limebebeshwa watu wawili tofauti.

Mwaka 1876 Kanada ilitunga sheria iitwayo Indian Act. Sheria hiyo iliwaweka wenyeji kwenye maeneo madogo ya rizavu na kuleta mabaraza ya kuchaguliwa: chifu mmoja na madiwani, wanapigiwa kura, muhula ukiisha wanarudi tena kuomba kura. Baraza hilo ndilo linalopokea fedha za serikali, linasimamia nyumba, maji, shule, zahanati. Mkuu wake naye anaitwa chifu. Huyo anafanana kidogo na wa kwenu, ingawa anapigiwa kura na watu wake.

Mamlaka ya baraza yanatoka kwenye sheria ya serikali kuu, Ottawa, na kawaida yanaishia kwenye mipaka ya rizavu. Mamlaka ya stataltmc yanatoka kwenye smayusta na yanakwenda mpaka mahali hadithi inapofika, na hadithi zinafika mbali sana nje ya rizavu: fiodi nzima (mikono mirefu ya bahari kati ya milima), milima, misitu ambayo kwenye ramani ya serikali ni mali ya Taji, yaani ya serikali yenyewe. Wanuxalk hawajawahi kusaini mkataba wa kuitoa ardhi hiyo. Hata kuinunua hakuna aliyeinunua.

Kwa hiyo kampuni ikija kukata miti, ikaenda kuzungumza na baraza peke yake, imezungumza na mwenye ofisi na haijazungumza na mwenye jina.

Jambo jingine la kuelewa. Kabla ya maradhi walikuwa na vijiji vingi, kila kimoja na machifu wake: Q'umk'uts' mdomoni mwa mto, Talyu kwenye mkono wa kusini wa bahari, Kwatna, Kimsquit kaskazini. Ndui ya 1862 hadi 1863 iliua vijiji vizima. Mwaka 1877 meli ya kivita ya Uingereza, HMS Rocket, ilikipiga mizinga na kukichoma kijiji cha Kimsquit kwa tuhuma zisizothibitishwa. Walionusurika wakakusanyika kidogo kidogo Bella Coola. Leo unaweza kumkuta staltmc ambaye kijiji cha jina lake ni msitu mtupu, miti imeota ndani ya nyumba za babu zake, lakini jina bado ni la pale. Analilinda jina ili pale pasije pakaitwa hapana mwenyewe.

---

#4 Hoja_Nzito

Naomba nipinge kwa heshima. Kurithi uongozi ni kurithi uongozi tu, hata ukipamba kwa tai na nyangumi. Kwa nini mtoto wa fulani aongoze kwa sababu ya damu? Baraza la kuchaguliwa, hata kama lililetwa na mzungu, angalau mwananchi ana kura. Chifu wa jadi akiharibu, mnamtoaje?

---

#5 Zamu_ya_Usiku

Hoja yako haina kosa, na hata Wanuxalk wenyewe wanabishana juu yake. Ila acha nikueleze jina linavyoingia kwa mtu, kisha uamue.

Kwanza, damu peke yake haitoshi. Majirani zao wa kaskazini wanafuata upande wa mama tu. Wanuxalk mtu anaweza kudai kupitia baba au kupitia mama, kwa hiyo wenye haki ya kuomba jina moja ni wengi. Familia inakaa, inaangalia nani anaijua smayusta, nani ana mkono wa kutoa, nani hana aibu mgongoni. Ugomvi upo, tena mkali, na mwingine haumaliziki kizazi kimoja.

Pili, familia ikikubaliana, bado hujawa kitu. Lazima jina lisimamishwe hadharani, kwenye sherehe kubwa ambayo wao wanaiita lhlm, na dunia inaijua kama potlachi. Wageni wanaitwa kutoka kwa jirani na mbali. Ngoma na nyimbo za ukoo zinachezwa, smayusta inasimuliwa, barakoa zinatoka. Mwenye jina anavaa taji lenye paji la mti uliochongwa, limewekewa lulumizi ya buluu na kijani, juu limesimamishwa sharubu za simba-bahari kama uzio mdogo, nyuma linaning'inia ngozi nyeupe za vicheche. Katikati ya zile sharubu yanamiminwa manyoya laini ya tai. Anapocheza na kutikisa kichwa, manyoya yanaruka, yanaelea ukumbini na kuwatua wageni mabegani. Ni amani. Aliyeguswa nayo hawezi kuanzisha ugomvi mle ndani.

Baada ya hapo anatoa. Anatoa sana. Kila aliyekuja ni shahidi, na shahidi hupewa zawadi kwa kushuhudia. Akiipokea amekubali kwamba jina ni la huyu na hadithi ni hii. Miaka 30 baadaye mtu akijitokeza kudai vingine, mashahidi wapo katika vijiji vya jirani, wanaulizwa.

Sasa swali lako, mnamtoaje. Chifu asiyetoa, jina linazama. Hakuna anayemwondoa, ila akiita watu hawaji, akisema hakuna anayerudia maneno yake. Kwa chifu asiye na askari, hiyo ni adhabu tosha. Wewe unaweza kusema haitoshi, na sitakulazimisha.

Ila naomba ulipime na hili: mwaka 1884 serikali ya Kanada iliipiga marufuku sherehe hiyo, sheria ikaanza kutumika 1885. Kifungo miezi 2 mpaka 6 kwa aliyeiandaa au kushiriki. Marufuku ilidumu hadi 1951. Na kuanzia 1927 sheria hiyo hiyo ilizuia kuchangisha fedha za wakili kwa ajili ya madai ya ardhi. Mtu anayesema machifu wa jadi hawana uwajibikaji akumbuke kwamba chombo chao cha uwajibikaji kilifanywa jinai kwa miaka 66. Walikuwa wakisimamisha majina kwa kujificha, majira ya baridi theluji imeziba njia, ofisa wa serikali hawezi kufika.

---

#6 Hoja_Nzito

Hilo la mashahidi kulipwa sikulijua. Kwetu ukimlipa shahidi umemhonga. Kumbe kwao ndiyo risiti. Nimelipokea. Bado naona kura ni bora, ila nimelipokea.

---

#7 Mzee_wa_Magu

Vijana, nimesoma yote kwa miwani. Mimi nilizaliwa Usukuma enzi za watemi. Nilikuwa mtoto wa shule Tanganyika ilipofuta utawala wa machifu mwaka 1963. Kumbukeni Mwalimu mwenyewe alikuwa mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, kwa hiyo aliyefuta alikuwa anafuta nyumba ya kwao pia. Nia ilikuwa umoja, na umoja tuliupata, silaumu. Lakini ngoma za utemi nilizoziogopa utotoni, leo baadhi zipo makumbusho ya Bujora, mtoto wa shule anazipita akitafuna muwa. Nauliza: hao wa Kanada waliwezaje jina lisife wakati ngoma imekamatwa?

---

#8 Zamu_ya_Usiku

Shikamoo mzee wangu. Swali hilo nililibeba mpaka bondeni kwenyewe.

Nilikwenda kwa gari na jamaa anayepeleka bidhaa huko. Kutoka mji wa Williams Lake mpaka bondeni ni kama kilomita 450: kwanza nyanda tambarare, misonobari na ng'ombe, kisha ghafla barabara inaisha ukingoni mwa mlima na kuanza kushuka kwa vumbi na kona, upande mmoja mwamba, upande mwingine hewa tupu. Wenyeji wa bonde waliichonga wenyewe kwa mabuldoza wakaifungua 1953, baada ya serikali kuwaambia haiwezekani. Nilifumba macho, nakiri.

Kule nilikaribishwa chai na mzee mmoja, jina lake nabaki nalo mimi. Jibu lake, kwa maneno yangu: vitu walivichukua, lakini kilichokuwa kinatunzwa kilikuwa masikioni. Kila mlima ukitazamwa dirishani ulikuwa unamwita mtu jina. Bibi anakuogesha anakutajia wewe ni wa wapi. Ndiyo maana, mzee, wao walipoteza barakoa na nguzo nyingi kuliko sisi tulivyopoteza ngoma, lakini mlima haukuhamishwa. Nadhani pia, na hili ni langu, kwamba serikali yao haikuwahi kuwafuta stataltmc kwa tangazo. Iliwapuuza tu, ikaweka kiti kingine pembeni. Kinachopuuzwa hupata pa kujificha.

---

#9 BintiBukavu

Jambo kaka Zamu, jambo wazee. Mimi ni wa Bukavu, Kivu ya Kusini. Kwetu mwami yupo mpaka leo na sheria ya Kongo inamtambua, ana chefferie yake, yaani eneo lake la utawala. Lakini kampuni za madini zinamfuata mwami kwanza, zinampa gari, na wananchi wanashtukia shamba limechimbwa. Ndiyo sababu nauliza: hao stataltmc kampuni ikija na fedha, wanasimama upande gani? Na wanawake wana nafasi?

---

#10 Zamu_ya_Usiku

Dada Binti, swali zito. Sitasema wote ni malaika. Nitakueleza tukio moja.

Kuna kisiwa kiitwacho King Island, na humo kuna mahali wanapaita Ista. Katika smayusta, Ista ndipo mwanamke wa kwanza aliposhuka duniani. Ulikuwa bado msitu wa zamani, mierezi isiyowahi kuguswa na shoka la kiwanda. Kampuni ya mbao ilipata leseni ya serikali na kufungua barabara ya kukatia. Septemba 1995 machifu wa jadi waliokuwa wamejikusanya chini ya jina la House of Smayusta, yaani Nyumba ya Smayusta, wakaenda kukaa pale pamoja na watetezi wa misitu kutoka nje. Mahakama ikatoa amri waondoke. Hawakuondoka. Watu zaidi ya 20 wakakamatwa, miongoni mwao machifu wa jadi, akiwamo Qwatsinas, ambaye jina lake la serikali lilikuwa Edward Moody na amefariki mwaka 2010.

Mbele ya hakimu msimamo wao ulikuwa mmoja: mahakama hii inapata wapi mamlaka juu ya ardhi ambayo hatujaitoa? Hakimu hakuwa na nafasi ya kulijibu, alikuwa na amri iliyovunjwa mezani. Na ndugu zangu, Wanuxalk wenyewe hawakuwa na sauti moja. Wapo waliokuwa wanahitaji ajira ya miti, wapo waliokasirishwa na wageni wa mazingira kuja kupiga picha kisha kuondoka. Nalisema kwa sababu tukisimulia watu wa mbali tunapenda kuwafanya wote moyo mmoja, na si haki kwao.

Miaka miwili baadaye, Desemba 1997, Mahakama ya Juu ya Kanada ikatoa hukumu ya Delgamuukw. Hiyo haikuwa kesi ya Wanuxalk, ilikuwa ya machifu wa jadi wa Wagitxsan na Wawet'suwet'en, kaskazini yao. Walikuwa wamepeleka hadithi na nyimbo za ukoo kama ushahidi wa umiliki. Jaji wa kwanza alipoambiwa bibi mmoja mzee ataimba wimbo wa ukoo mahakamani, alisema yeye hana sikio la kusikilizia hayo, na mwaka 1991 akawanyima haki. Mahakama ya juu ikasema alikosea: simulizi za mdomo zipewe uzito pamoja na karatasi. Tangu hapo wanasheria wa serikali wanalazimika kusikiliza smayusta na wenzake wa makabila mengine.

Kuhusu wanawake: jina linaweza kupita kwa mama, nimeshasema. Kuna majina ya wanawake yenye heshima yake. Na katika ndoa kulikuwa na desturi ambayo wewe utaipenda: upande wa mwanamume ukishatoa mali, familia ya mwanamke nayo baadaye inamkomboa binti yao kwa kutoa mali zaidi. Ikimkomboa tena na tena, jina lake linapanda, na watoto wake wanapata pa kusimamia. Binti hakuwa ametoka kwao moja kwa moja.

---

#11 BintiBukavu

Aksanti sana. Hiyo ya kumkomboa binti nimeisoma mara tatu. Kwetu mali inakwenda njia moja tu.

Niongeze swali dogo. Huyo chifu, siku za kawaida, bila kesi na bila sherehe, anafanya nini?

---

#12 Zamu_ya_Usiku

Dada, hapo ndipo ningetamani ningeanzia uzi. Anaangalia mto.

Nikupe ushahidi wa zamani. Julai 1793 Alexander Mackenzie, Mskochi wa biashara ya manyoya, alifika bonde hilo kwa miguu kutoka bara akiitafuta Pasifiki. Aliyoyaona aliyaandika mwenyewe. Kijiji cha kwanza kilimpokea kwa samoni wa kuchoma, na katika kijiji kingine mmoja wa wana wa chifu alikata kamba ya joho lake la ngozi ya fisi-maji wa baharini akamfunika nalo mgeni. Ukarimu wa namna hiyo. Lakini alipotaka kusogelea uzio wa kuvulia samoni, akakatazwa. Akazuiwa kutia birika la chuma mtoni, kwa kuwa samoni hapendi harufu ya chuma. Wenzake walikuwa na nyama ya mnyama wa porini. Mfupa mmoja ukatupwa majini, na mwenyeji mmoja akapiga mbizi akautoa, ukachomwa moto. Mackenzie aliona ni ushirikina. Mimi naona kanuni za mto na watu wa kuzisimamia, miaka karibu 100 kabla ya ofisa wa uvuvi wa Kanada kufika.

Sasa njoo karibu. Kuna samaki mdogo, urefu wa kiganja na kidogo, anaitwa sputc. Anapanda mtoni mwishoni mwa baridi, wakati akiba imekwisha na samoni hajafika. Amejaa mafuta kiasi kwamba akikaushwa unaweza kumwasha kama mshumaa. Wanuxalk walimvua kwa wingi, wakamlaza kwenye masanduku makubwa ya mbao kama siku 10 aoze kidogo, harufu ikafika barabarani. Kisha wanamtia kwenye pipa la maji ya moto, wanakoroga polepole, na mafuta yanapanda juu yana rangi ya dhahabu. Yanaenguliwa, yanachujwa. Hayo ni sluq. Yakipoa yanaganda meupe kama samli. Ni kitoweo, ni dawa ya kifua, ni zawadi ya lhlm, ni bidhaa. Njia aliyopita Mackenzie ilikuwa njia ya kupeleka mafuta hayo bara, na mpaka leo inaitwa njia ya mafuta.

Mwaka 1999 sputc hakuja. Watu walikaa ukingoni na nyavu, mto ukapita mtupu. Wengi wanazinyooshea kidole meli za kukokota nyavu za kambamiti baharini zilizokuwa zinamzoa bila kumtaka. Mzee niliyekunywa naye chai alinitolea chupa ndogo kabatini, ya sluq aliyopewa na jamaa wa mto mwingine kaskazini. Akanidondoshea kwenye kipande cha samoni mkavu. Ladha yake ni kali, inakaa kooni muda. Akafunga kifuniko kwa kiganja, akakikaza mara mbili, akairudisha nyuma kabisa ya kabati.

Hiyo ndiyo kazi ya siku za kawaida. Stataltmc wameshiriki kurudisha sherehe ya kumkaribisha sputc hata wakiwa ni wachache wanaorudi, wanakaa na wataalamu wa samaki, wanakubaliana nani avue na nani aache, wanaandika barua kwa serikali juu ya uvuvi wa kambamiti. Mwenye jina la mahali akiona mto wa jina lake hauna samaki, anaona jina limepungua.

---

#13 Hoja_Nzito

Na ile nguzo ilifika?

---

#14 Zamu_ya_Usiku

Ilifika. Ilivushwa kwa feri mpaka bara, kisha ikapanda lori na msafara wa magari nyuma yake, kilomita karibu 1,000, ikashuka ule mlima niliofumba macho. Ikapokewa kwenye shule yao, Acwsalcta, waliyoianzisha 1987, ambako watoto wanafundishwa Kinuxalk darasani. Wazee wanaokizungumza tangu utotoni wamebaki wachache sana, kwa hiyo wana pia redio yao ya bondeni inayorusha maneno ya lugha kila siku.

---

#15 Naibu_wa_Nyamira

Mkuu, jana jioni nimemsomea baba uzi wote. Alisikiliza kimya hadi mwisho. Kisha akauliza jambo moja, nami sikuwa na jibu: huyo chifu analipwa na nani?

---

#16 Zamu_ya_Usiku

Msalimie baba sana, mwambie shikamoo yake imefika kutoka Victoria.

Halipwi. Yeye ndiye analipa. Anayetaka kusimamisha jina huanza kukusanya miaka kadhaa kabla, na familia nzima inakusanya naye: mablanketi, taulo, vikombe, vyombo, magunia ya unga na sukari, samaki wa kopo waliopikwa nyumbani, na bahasha za fedha. Siku ya lhlm vinapangwa katikati ya ukumbi mpaka huoni upande wa pili. Vijana wa ukoo wanazunguka navyo safu kwa safu, na haondoki mtu mikono mitupu, hata mtoto mchanga anawekewa kitu juu ya mapaja ya mama yake. Usiku ukiisha, ukumbi umebaki viti na sakafu, na mwenye jina anatafuta mtu wa kumpa lifti ya kwenda nyumbani.

Mwambie baba nilikutana na mmoja aliyeanza kukusanya taulo. Anategemea kuita watu baada ya miaka minne.